Rejeta vuguvugu, kipimajoto kinasema 21, mimi natetemeka. Nani anadanganya?

#1 MzeeWaBlanketi
Wakuu, salaam.

Naishi kwenye jengo la matofali la mwaka 1936, ghorofa ya juu kabisa, chumba cha kona. Jengo linapata joto kutoka mtandao wa mji: maji ya moto yanakuja kwa bomba chini ya barabara, yanaingia chumba cha mitambo, yanapanda kwenye marejeta, yale mabati ya ukutani yanayopasha chumba, yanarudi yalikotoka. Miaka yote rejeta yangu ilikuwa huwezi kuiegemea, inakuunguza. Msimu huu kamati ya jengo imebandika tangazo: mtandao umeshusha joto la maji. Zamani yalifika nyuzi 80, sasa hayazidi 60.

Tangu hapo naishi na blanketi begani. Rejeta ukiigusa juu ina moto kidogo, katikati vuguvugu, chini baridi kabisa. Nikilalamika naambiwa "pima". Nimepima kwa kipimajoto cha rafuni: 21. Lakini nikikaa mezani kufanya kazi, miguu inaganda.

Dai langu: mfumo huu wa maji ya vuguvugu ni wa nyumba mpya. Sisi wa majengo ya kizamani tunatolewa kafara ili takwimu zao zipendeze. Nani anabisha?

#2 Mtukutu07
Nimeona "rejeta" nikadhani gari imechemsha. Nikafungua uzi nakuta mtu analalamika haichemshi. Nipo siti ya mbele.

#3 FundiVali
Mimi nabisha, mkuu. Rejeta kuwa baridi chini si ugonjwa, ndiyo kazi yake. Maji yameingia na joto, yameliacha chumbani, yametoka yamepoa. Ulitaka yatoke bado yanachemka? Hilo lingekuwa joto lililokuja kukutembelea na kuondoka nalo.

Joto unalopata ni wingi wa maji mara tofauti ya nyuzi kati ya kuingia na kutoka. Yakiingia 60 yakatoka 30, kila lita imeacha nyuzi 30 kwako. Yakiingia 80 yakatoka 65, imeacha 15 tu. Ule moto wa zamani ulikuwa unaupenda mkono wako, chumba hakikuwa na habari nao.

Nenda kapime bomba la kuingia na bomba la kutoka kwenye rejeta yako, lete namba hapa. Bila namba tutabishana mpaka kiangazi.

#4 Nahodha
FundiVali umesema nusu. Wingi wa maji mara tofauti ya nyuzi, sawa. Ila rejeta ni bati tu, haiwezi kutoa joto kuliko eneo lake linavyoruhusu. Viwango vya Ulaya vinapima nguvu ya rejeta kwa maji ya 75 kuingia, 65 kutoka, chumba 20. Yaani wastani wa maji ni 70, na tofauti yake na chumba ni 50. Ukishusha wastani ukawa 50, tofauti inakuwa 30, na nguvu haishuki kwa uwiano ulionyooka, inashuka zaidi: unabaki na asilimia 51 au 52 hivi. Wastani wa maji ukiwa 40 unabaki na asilimia 30.

Kwa hiyo Mzee ana hoja. Rejeta ile ile, bati lile lile, maji yamepungua moto, nguvu imekatwa nusu. Hiyo ni hesabu tu, wala siyo siasa ya mtandao.

#5 FundiVali
Nahodha, hesabu yako ni sahihi lakini umeifanya kwa siku moja tu ya mwaka. Rejeta huchaguliwa kwa siku ya baridi kali kuliko zote, tuseme nyuzi 12 chini ya sifuri. Siku hiyo tofauti kati ya nje na ndani ni 32. Leo nje kuna nyuzi 4, tofauti ni 16. Chumba kinahitaji nusu ya joto. Na nusu ya nguvu, kwa hesabu yako mwenyewe, inapatikana kwa maji yenye wastani wa karibu 50. Siku za nyuzi 4 ni nyingi, siku za 12 chini ya sifuri zinahesabika kwa vidole.

Halafu majengo ya zamani mengi yaliwekewa marejeta makubwa kupita kiasi. Mafundi wa enzi hizo walikuwa waoga, wakikokotoa wanaongeza kidogo, anayenunua naye anaongeza kidogo. Baadaye watu wakabadili madirisha, wakahami dari (wakaivisha kizuia joto), rejeta zikabaki zile zile. Ndiyo maana majengo mengi ya kale yanaishi na maji ya 55 au 60 na wenyeji hawajui kama kuna kitu kimebadilika.

#6 MzeeWaBlanketi
"Baadaye watu wakabadili madirisha." Watu gani hao? Madirisha yangu ni yale yale ya 1936, kioo kimoja, fremu ya mbao, kila upepo ukivuma yanapiga mluzi. Jengo limo kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, haturuhusiwi kugusa sura ya nje.

Kupima nitapima kesho. Kipimajoto cha bomba sina, naazima kwa jirani wa chini.

#7 BintiFizikia
Hapo kwenye kioo kimoja ndipo pa kuanzia, wakuu. Mnapiga hesabu za rejeta, mwenzenu analalamikia mwili wake.

Kipimajoto cha rafuni kinapima hewa. Mwili haupimi hewa peke yake. Unatoa joto kwa mnururisho, yaani bila kugusana, kwenda kila kitu kinachoutazama: kuta, dari, kioo. Nje kukiwa 0 na ndani 20, uso wa ndani wa kioo kimoja unakuwa na nyuzi kama 5. Kioo cha kisasa cha tabaka mbili chenye mpako wa kuzuia mnururisho kinakuwa na 17. Ukuta wa matofali usiohamiwa, kama 16. Sasa Mzee amekaa mezani, ubavu mmoja unatazama kitu cha nyuzi 5. Anachohisi ni kama wastani wa hewa na nyuso zinazomzunguka. Hewa 21, nyuso pale dirishani 13 au 14, basi mwili unasema 17 na kipimajoto kinasema 21, na wote wawili wanasema kweli.

Mdenmarki Povl Ole Fanger aliliweka hili kwenye kitabu mwaka 1970: vitu sita ndivyo vinaamua kama mtu ameridhika. Joto la hewa, joto la nyuso, mwendo wa hewa, unyevu, mavazi, na kazi anayofanya. Kipimajoto cha Mzee kinajua kimoja kati ya sita.

#8 Msomi_wa_Usiku
Na huyo huyo Fanger alionyesha kwamba hata hali ikiwa bora kuliko zote, asilimia 5 ya watu watalalamika tu. Mzee, umejiuliza kama wewe ni wa hiyo 5?

#9 MzeeWaBlanketi
Msomi, mimi nilikuwa kwenye ile 95 hadi walipogusa maji.

#10 Mtukutu07
Hahaha, kamjibu.

#11 ShahidiWaBaridi
BintiFizikia ameeleza vizuri lakini kuna shimo. Kioo kilikuwa kimoja mwaka jana pia. Nyuzi 5 zilikuwa 5. Kilichobadilika ni maji. Sasa iweje kosa liwe la kioo?

#12 BintiFizikia
Swali zuri. Majibu mawili.

Kwanza, rejeta yenyewe ni uso. Ikiwa na nyuzi 70 inakurushia mnururisho, inafidia ule ubaridi wa kioo. Ikiwa na 40 inafidia kidogo sana.

Pili, kwa nini rejeta huwekwa chini ya dirisha, mahali ambapo mtu wa kawaida angeona ni upuuzi? Hewa inayogusa kioo baridi inakuwa nzito, inaporomoka hadi sakafuni na kukutambalia miguuni. Rejeta ya moto inapandisha mkondo wa hewa moto unaozuia huo mporomoko. Rejeta vuguvugu mkondo wake ni dhaifu, mporomoko unashinda. Mzee, pima joto kwenye vifundo vya miguu halafu pima usawa wa kichwa ukiwa umekaa. Ikizidi tofauti ya nyuzi 3, viwango vyenyewe vinakubali kwamba hapo pana kero.

#13 Nahodha
Kwa hiyo unakubaliana na Mzee kwamba maji ya vuguvugu ndiyo chanzo.

#14 BintiFizikia
Nakubali kwamba yamefunua kitu kilichokuwepo. Dirisha bovu lilikuwa linafichwa na maji ya 80.

#15 MpitaNjia
Napita tu. Mimi naona ni mazoea. Mtu aliyezoea kuweka viganja juu ya rejeta na kuunguzwa, akikuta vuguvugu ubongo unaandika "baridi" kabla hata mwili haujasema kitu. Nilikaa bweni la wanafunzi walilobadili mfumo bila kutangaza. Hakuna aliyelalamika miezi miwili. Siku tangazo lilipobandikwa, wiki hiyo hiyo kila mtu akaanza kukohoa.

#16 MamaPaka
Nakataa hoja ya mazoea. Paka wangu hasomi matangazo. Miaka sita alilala juu ya rejeta. Tangu maji yashushwe amehamia juu ya kompyuta. Huyo hana ubongo wa kushawishiwa na kamati.

#17 FundiVali
Paka anapenda uso wa nyuzi 35 na kuendelea, dada. Ni shahidi wa rejeta, si wa chumba. Muulize chumba kina ngapi.

#18 MamaPaka
Nimemuuliza. Kanigeuzia mgongo.

#19 KiptaPweke
Nina kisa changu, huenda kikasaidia. Nyumba ya vyumba vinne, rejeta tano. Mimi nilikuwa nawasha ya sebuleni peke yake, namba 5 kwenye thamostati (kile kitasa cha rejeta kinachodhibiti joto), nyingine nimefunga ili nibane matumizi. Sebule haikupata joto na ankara ikaja na nyongeza: tulikuwa tunarudisha maji yakiwa moto mno, na mtandao wetu unatoza ziada kwa hilo. Fundi akaja akanicheka. Akafungua zote tano, akaweka namba 3 kila moja. Joto likaenea, maji yakarudi yamepoa, ankara ikashuka. Rejeta moja ilikuwa inabeba nyumba nzima, maji yanapita mbio hayana nafasi ya kuacha joto.

#20 Msomi_wa_Usiku
Na niongeze kwa wanaodhani namba 5 inapasha haraka kuliko 3. Hapana. Namba ya thamostati ni kikomo, inaiambia vali "funga chumba kikifika hapa". Chumba kikiwa bado baridi, 3 na 5 zote zimefungua kabisa. Na isipoona hewa ya chumba, mathalani umeifunika na pazia zito, inafunga mapema ikidhani kazi imeisha.

#21 MzeeWaBlanketi
Pazia langu ni refu, linafunika dirisha na rejeta na thamostati. Sijasema kitu.

#22 Mtukutu07
UMESEMA.

#23 Nahodha
Tukiwa tunasubiri vipimo, tuulize swali la msingi: wanashusha kwa faida ya nani?

#24 Mchunguzi_K
Nahodha, hapo niingie. Bomba chini ya ardhi linapoteza joto kwa kadiri linavyozidi udongo kwa moto. Chukua maji yanayokwenda 80 na kurudi 40, wastani 60, udongo una 8: tofauti 52. Ukienda 55 na kurudi 25, wastani 40, tofauti 32. Bomba lile lile linapoteza karibu asilimia 38 pungufu bila kuchimba hata mita moja.

La pili ni chanzo. Ukitaka maji ya 80 mara nyingi inabidi uchome kitu. Ukitaka 55 unaweza kutumia joto ambalo lingetupwa. Stockholm kuna mtambo wa Hammarby unaovuna joto kutoka maji taka yaliyosafishwa. Odense, Denmark, mtandao wa mji unapokea joto la kituo cha data cha Facebook. Maji hayo hutoka na nyuzi kidogo, pampu za joto, mitambo ya umeme ya kuhamisha joto, zinayapandisha, na kadiri unavyotaka yapande juu zaidi ndivyo umeme unavyoliwa. Kwa hiyo kila nyuzi unayoacha kudai ni umeme uliobaki. Mtafiti wa Denmark, Henrik Lund, na wenzake mwaka 2014 waliandika makala iliyoipa hali hii jina la kizazi cha nne cha mitandao ya joto.

#25 MpitaNjia
Vizazi vitatu vya kwanza ni vipi? Au tumeanza kuhesabu katikati?

#26 Mchunguzi_K
Cha kwanza ni mvuke, ulianza New York mwaka 1882. Cha pili ni maji yenye shinikizo, zaidi ya nyuzi 100, kuanzia miaka ya 1930. Cha tatu kuanzia miaka ya 1970, maji chini ya 100, mabomba yanakuja kutoka kiwandani yakiwa tayari yamevishwa kihami. Cha nne ndicho hiki cha 50 hadi 60.

#27 Msomi_wa_Usiku
Sahihisho: mvuke wa biashara ulianza Lockport, jimbo la New York, mwaka 1877, kazi ya Birdsill Holly. Jiji la New York ndilo la 1882, na mvuke bado unapita chini ya mitaa ya Manhattan hadi leo. Na ukitaka kubishana zaidi, Chaudes-Aigues huko Ufaransa walikuwa wanagawana maji ya chemchemi ya moto nyumba kwa nyumba tangu karne ya 14.

#28 Mchunguzi_K
Nimekubali, Lockport. Ahsante.

#29 ShahidiWaBaridi
Historia nzuri, lakini faida zote za #24 zinaishia kwa mwenye bomba. Mzee amepewa nini? Kama wanaokoa, wamnunulie kioo.

#30 Nahodha
Hapo umegonga penyewe.

#31 DaktariMstaafu
Salaam wote. Mmezungumza rejeta tu, kuna upande wa maji ya kuoga. Mkishusha maji ya mtandao, maji ya bombani nayo yatashuka, na bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, wanastawi kati ya nyuzi 20 na 45. Ndio wale waliogunduliwa baada ya mlipuko wa Philadelphia mwaka 1976. Majengo ya kale yana matangi makubwa na mabomba marefu yenye vipande visivyotumika, maji yanalala humo. Hapo ndipo ningeogopa, si miguuni.

#32 KiptaPweke
Si nilisikia wakifika 50 wanakufa?

#33 DaktariMstaafu
Kwa 50 wanachukua saa kadhaa. Kwa 60 ni dakika chache. Ndiyo maana tangi linatakiwa liwe 60.

#34 FundiVali
Daktari yuko sahihi kwa jengo lenye tangi. Njia ya kutoka ni kuondoa tangi: kila nyumba inafungiwa kibadilisha joto kidogo kinachopasha maji pale pale unapofungua bomba. Maji hayalali popote. Kanuni za Ujerumani zinatumia kipimo cha lita 3: kama maji yaliyomo kati ya kipashio na bomba la mwisho hayazidi hapo, huhitaji mzunguko wa kudumu wa maji ya moto. Kasoro ni kwamba kuingiza mabomba mapya kwenye jengo la 1936 ni kuvunja kuta za watu.

Mtandao unaoshuka hadi 60 umesimama hapo kwa sababu ya tangi, kwa mawazo yangu. Rejeta zingekubali kwenda chini zaidi.

#35 MzeeWaBlanketi
Wakuu, vipimo hivi hapa. Nje nyuzi 4, saa 2 usiku.

Rejeta yangu: maji yanaingia 58, yanatoka 31.
Rejeta ya jirani wa ghorofa ya kwanza, mwenye kipimajoto: yanaingia 59, yanatoka 52.
Rafuni: 21. Chini ya meza, vifundoni: 16. Mezani usawa wa kichwa: 19.5.

Jirani kakaa na fulana, dirisha liko wazi.

#36 FundiVali
Kesi imekwisha! Jirani anarudisha maji na 52, maana yake yanapita kwake mbio kama barabara kuu. Wewe yanatoka 31, yanakuja kwa kudondoka. Jengo halijasawazishwa, yaani maji hayagawanywi kwa usawa. Zamani maji ya 80 yalifunika kasoro hii kwa sababu hata tone lilikuwa na moto wa kutosha. Vali zina mpangilio wa ndani wa kupunguza maji kwa walio karibu na pampu. Wabanwe wa chini, wa juu watapata. Wala usiguse joto la mtandao.

#37 Nahodha
Kesi haijaisha. Wastani wako wa maji ni 44.5, tofauti na chumba cha 20 ni 24.5, rejeta inatoa asilimia 40 ya nguvu yake. #5 ulisema siku ya nyuzi 4 inahitaji nusu, asilimia 50. Kapungukiwa.

#38 Msomi_wa_Usiku
Na hata hiyo 40 umempendelea. Maji yakishuka sana ndani ya rejeta, wastani wa kawaida unadanganya, sehemu kubwa ya bati iko karibu na joto la chini. Tumia wastani wa kilogi (wa logarithimu): tofauti ya juu 38, tofauti ya chini 11, unapata karibu 22. Nguvu ni asilimia 34.

#39 Mchunguzi_K
Subirini. Labda rejeta inatoa 34 kwa sababu thamostati imeibana. Pazia limeifunika, imekaa ndani ya mfuko wa hewa moto, inadhani chumba kimefika, imefunga maji. Maji kidogo, yanapoa sana, yanatoka 31. Vipimo vile vile, maelezo tofauti kabisa. Jirani yeye kafungua dirisha, thamostati yake inaona baridi, imefungua yote, ndiyo maana anarudisha 52. Hakuna haja ya kusawazisha chochote. Fungua pazia, funga dirisha.

#40 FundiVali
Hmm. Hilo linawezekana. Lakini linawezekana pamoja na langu.

#41 MamaPaka
Mzee, hiyo rafu yenye 21 iko wapi? Kichwa 19.5 na rafu 21, chumba kimoja?

#42 MzeeWaBlanketi
Rafu iko ukuta wa ndani. Karibu na lile bomba la wima linalopanda kutoka chini.

#43 Mtukutu07
Kipimajoto kimekaa na bomba la moto mwezi mzima, halafu kichwa cha uzi kinauliza nani anadanganya. Wakuu, mimi naaga, nimeshiba.

#44 BintiFizikia
Usiende, tamu inakuja. Hata kipimajoto kikirekebishwa, vifundo 16 na kichwa 19.5 ni tofauti ya 3.5. Huo ni mporomoko wa dirishani. Sawazisheni, fungueni pazia, fanyeni yote, kioo cha nyuzi 5 kitabaki kinamtazama. Kwa jengo la kuhifadhiwa kuna njia: dirisha la pili upande wa ndani, fremu nyembamba yenye kioo chenye mpako. Sura ya nje haiguswi. Jozi hiyo inakaribia sana dirisha jipya kwa kuzuia joto, na mluzi unakoma.

#45 ShahidiWaBaridi
Tahadhari hapo. Ukiziba kila mwanya, hewa yenye unyevu haina pa kutokea. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 inaanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 9. Zamani umande ulikuwa unaangukia kioo, unafuta na kitambaa. Kioo kikiwa na joto, sehemu baridi kuliko zote inakuwa pembe ya ukuta nyuma ya kabati, na hapo unaota ukungu bila wewe kuona. Mimi yalinikuta, kabati zima la nguo nilitupa.

#46 BintiFizikia
Kweli kabisa, na sikulitaja. Ukiziba, uwe na njia ya hewa iliyopangwa. Kabati nalo lisibanane na ukuta wa nje.

#47 DaktariMstaafu
Kwa wenye wazee au watoto wachanga: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 linataja 18 kama kiwango cha chini cha usalama ndani ya nyumba wakati wa baridi. Vifundo 16 kwa kijana ni kero. Kwa mtu wa miaka 80 anayekaa kutwa kwenye kiti dirishani, si jambo la kutaniana.

#48 Nahodha
Hakuna aliyeuliza kama jengo la Mzee lina bomba moja au mawili. Kwenye mfumo wa bomba moja, maji yanayotoka rejeta ya kwanza yanachanganyika na kwenda ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. Wa mwisho anakunywa mabaki. Huo mfumo ni wa kawaida kwenye majengo ya umri huo.

#49 FundiVali
Yeye anaingiziwa 58 na wa chini 59. Bomba moja lingemfikishia mabaki ya 50 au pungufu. Ni mawili. Labda kama maji yanaanzia juu na kushuka, ila hapo wa chini ndiye angepata mabaki.

#50 Nahodha
Sawa, nafuta. Ya rejeta kuwa ndogo sifuti.

#51 MpitaNjia
Na mimi ya mazoea sifuti.

#52 KiptaPweke
Mzee, usiku mnashushiwa? Jengo letu lilikuwa linashushwa saa 5 usiku linapandishwa saa 11 alfajiri. Matofali mazito yanapoa polepole na kupata moto polepole. Kwa maji ya 80 kuta zilirudi kabla ya watu kuamka, kwa maji ya 58 zilirudi saa 6 mchana. Tulipoacha kushusha usiku malalamiko yalipungua nusu.

#53 MzeeWaBlanketi
Sijui, nitauliza kamati. Taarifa ya wiki: pazia nimelikata, sasa linaishia juu ya rejeta. Meza nimeihamishia ukuta wa ndani. Kipimajoto kiko katikati ya chumba. Jirani nimemwomba afunge dirisha, kafunga nusu. Leo nje nyuzi 5: chumba 20.5, vifundo mezani 19, maji yanaingia 58 yanatoka 38.

Blanketi nimelivua, nimebaki na soksi za sufu. Kamati wamesema fundi wa kusawazisha anakuja Alhamisi.

#54 Mchunguzi_K
31 imekuwa 38. Thamostati imepumua. Nilisema pazia.

#55 FundiVali
Au jirani amefunga dirisha na maji yake yamekuja kwako. Nilisema kusawazisha.

#56 BintiFizikia
Au amehamisha meza na miguu imeondoka kwenye mporomoko. Joto la chumba limepanda kiasi gani hasa? Hajui, kipimajoto cha mwanzo kilikuwa kinaota bomba.

#57 Nahodha
Nyuzi 5 nje si mtihani, ndugu zangu. Lete vipimo siku ya 10 chini ya sifuri, maji yakiwa 58 yale yale, ndipo tutajua kama bati linatosha.

#58 MzeeWaBlanketi
Utabiri unasema Jumapili 9 chini ya sifuri. Jirani kaniachia kipimajoto.

#59 MamaPaka
Wangu karudi kwenye rejeta leo asubuhi. Sijagusa kitu.